Betri mpya za taa ya baiskeli: hizo za 9800 ziache dukani, na chaja ya king'amuzi ichomoe leo

Swali limetoka kwa kijana wa Morogoro: "Fundi shikamoo. Natoka Kihonda saa kumi na nusu alfajiri na baiskeli naenda Msamvu kwenye kibanda cha chai, usiku narudi. Nina taa ya mbele ya kichina imeandikwa T6, betri yake ni kile kipakti cheusi cha kufunga kwenye fremu, kina waya na pini ya duara, kimeandikwa 8.4V. Mwanzo ilikuwa inakaa masaa matatu sasa hata nusu saa haifiki. Chaja yake ilipotea natumia ya king'amuzi maana pini inaingia vizuri tu. Kuna duka wana seli za 18650 za 9800mAh elfu tatu tatu, ninunue nne fundi anibadilishie? Au nimwagize shemeji yuko Muscat anakuja mwezi ujao?"

Marahaba kijana wangu. Betri nitakujibu, ila kabla hujasoma zaidi kachomoe hiyo chaja ya king'amuzi kwanza na usiirudishe tena kwenye hiyo taa.

Igeuze usome nyuma, nyingi zimeandikwa 12V. Kipakti chako cha 8.4V maana yake ndani kuna seli zimeungwa siriizi mbili, yani moja nyuma ya nyingine volti zikijumlishana, na kila seli ya lithiamu ya aina hiyo ikijaa inatakiwa iishie 4.2V, basi, mbili ndo hiyo 8.4. Ukiingiza 12V kitu pekee kinachokulinda ni kale kabodi kadogo kalikolehemewa juu ya seli, na hako hakakati kwenye 4.2, kanakata seli ikishapita, 4.25 mpaka 4.3 hivi, maana kametengenezwa kuwa breki ya dharura sio kuwa chaja. Kwahiyo kila ulipochaji umekuwa unazijaza kupita kiasi na kuzilaza hivyo hivyo usiku mzima, na mi naona hiyo ndo iliyoua betri yako kuliko umri wake. Siku kabodi kakiungua hakuna kingine cha kuzuia, seli inachemka, inatoa moshi, inawaka, na ule moto hauzimi kwa kufunikwa blanketi.

Chaja ya kweli ya lithiamu na adapta ni vitu viwili tofauti. Chaja inaanza kwa kupeleka ampia kiasi kile kile huku volti ya betri inapanda taratibu, ikifika 8.4 inaishikilia hapo hapo halafu ampia zinashuka zenyewe mpaka zinabaki kidogo sana, ndo kitaa chake kinageuka kutoka nyekundu kwenda kijani. Adapta ya king'amuzi haina habari hizo. Na pini kuingia vizuri isikudanganye, hiyo pini ya milimita 5.5 kwa 2.1 iko kwenye king'amuzi, kwenye ruta, kwenye kamera za ulinzi, kwenye taa za baiskeli, kila mahali ni hiyo hiyo na volti zake hazifanani.

Kwahiyo hela yako ya kwanza iende kwenye chaja ya 8.4V, ampia 1 inatosha. Ukiwa dukani omba waichomeke na wapime kwa mita ikiwa haijaunganishwa na kitu, isome 8.4 au hapo hapo karibu. Ikisoma 8.6 au 9 waachie wenyewe hata kama imeandikwa 8.4 kwa wino wa dhahabu.

Sasa hizo 9800mAh, na mAh ni kipimo cha ujazo wa chaji ya betri. Jina 18650 ni vipimo tu, unene milimita 18, urefu 65, na ile sifuri ya mwisho inamaanisha ni ya duara. Ndani ya hicho kiasi cha nafasi viwanda vikubwa kabisa, Panasonic, Samsung, LG, vimefika kwenye 3500mAh au kupita kidogo sana, na wamefika hapo kwa miaka mingi ya kuhangaika. Tesla walipotoa Model S mwaka 2012, ile ya kilowati-saa 85 ilibeba seli za 18650 kutoka Panasonic zaidi ya 7,000. Hebu jiulize, kama kuna mtu anaweza kuweka 9800 kwenye seli ile ile na kuiuza elfu tatu, hao wa magari wangebeba seli zote hizo za nini? Wangeweka theluthi moja tu na gari likawa jepesi. Hiyo namba ni wino. Ndani mara nyingi unakuta 1000 hivi, saa nyingine chini ya hapo, ni seli zilizokataliwa kiwandani au zilizotumika zikavalishwa ganda jipya, na kuna watu wamezipasua wakakuta ndani kaseli kadogo kamezungushiwa unga ili uzito ufanane. Zimechakachuliwa, hamna neno lingine.

Ujanja wa haraka ni mzani. Seli halali ya 18650 yenye uwezo mkubwa ina gramu 45 mpaka 49 hivi, kwahiyo mwenye duka la vipuri kama ana mzani mdogo, au jirani yake sonara anao, iweke. Ikisoma 32 au 36 huna haja ya kuendelea na maongezi. Ikisoma 46 bado haijathibitisha kitu kwa sababu ya huo unga niliokwambia, ila angalau imevuka mlango wa kwanza.

Na huo ujanja wa namba upo hata kwenye vipakti vilivyokamilika. Vipakti vya taa za baiskeli vya seli nne vinaungwa mbili siriizi na mbili paraleli, yani ubavu kwa ubavu ujazo ukijumlishana na volti ikibaki ile ile, kwahiyo ile mAh ya kwenye kipakti igawe kwa mbili upate ya seli moja. Kimeandikwa 5200, sawa, ni seli za 2600. Kimeandikwa 6800, sawa, ni za 3400 na bei yake itakuwa juu. Kimeandikwa 12000? Hiyo ni 6000 kwa seli, haipo duniani kwa saizi hiyo. Cha seli sita gawa kwa tatu. Hii hesabu inakutosha kuondoa nusu ya vitu vinavyouzwa mtandaoni bila kuuliza mtu.

Umesema mwanzo taa ilikaa masaa matatu, hapo umenisaidia sana. Hiyo T6 ni daraja la mwanga la kidude cha kutoa mwanga (LED) kinaitwa XM-L cha kampuni ya Cree, na kikisukumwa mpaka mwisho wake, ampia 3, kinakula wati 10 hivi na kutoa lumeni kama 900 na kitu (ile 5000 iliyoandikwa kwenye boksi ni ndugu yake na 9800). Wati 10 kwa masaa matatu ni wati-saa 30 na ushee, ukigawa kwa 7.2V, ambayo ndo volti ya katikati ya kipakti kikiwa kinatumika, unapata kama ampia-saa 4.4, yani ndani zilikuwemo seli nne za 2200. Za kawaida kabisa, sio mbaya. Sasa ukiweka nne za 3400 za kweli unapata 6.8 mara 7.2 ni wati-saa 49, ukitoa kinachopotea njiani kwenye saketi unabaki na masaa manne na kitu kwa mwanga mkubwa, na ukipunguza mwanga nusu unakaribia mara mbili ya hapo.

Lakini safari yako ya kwenda na kurudi kwa siku hata saa moja na nusu sidhani kama inafika. Ndo maana mimi kwa hela yako ningenunua mbili za kweli kuliko nne za uongo. Mbili tu siriizi zinakupa masaa mawili na zaidi kwenye mwanga mkubwa, kipakti kinakuwa chepesi, unachaji kila siku ukifika nyumbani, na ukipata hela baadae unatengeneza kingine cha akiba. Watu wengi hawapendi kusikia hivi maana wanaona wamepunjwa seli mbili.

Kuhusu aina, usisumbuliwe na wauzaji wanaokwambia chukua zile za ampia nyingi. Kuna seli zimetengenezwa kwa ajili ya drili na mashine zinazovuta kwa nguvu, kama Samsung 25R ambayo inatoa mpaka ampia 20, lakini ili iweze hivyo imepunguziwa ujazo, ina 2500 tu. Taa yako inavuta ampia 1.4 hivi kwenye kipakti kizima, hata ukiwa na seli mbili tu hiyo ni kitoto, kwahiyo wewe unataka za ujazo mkubwa na ampia za wastani: Panasonic NCR18650B ya 3400, Samsung 35E ya 3500, LG MJ1 ya 3500. Yoyote kati ya hizo ukiipata halali umemaliza. Za Samsung 29E au zile za 2600 nazo ni nzuri tu kwa bei nafuu. Ukikutana na taa zenye vidude vitatu au vinne vya T6 hapo ndo unaanza kuhesabu ampia, kwa ya kwako sahau.

Shida ni neno "halali". Hivi viwanda vikubwa seli tupu, yani seli peke yake bila kifaa, haviwauzii watu wa kawaida kama mimi na wewe, vinawauzia wanaotengeneza kompyuta, baiskeli za umeme, mashine, halafu ziada inatoka kwa milango mbalimbali. Ndo maana unakuta makampuni madogo yananunua seli ya Panasonic na kuivalisha ganda lake lenye jina lake, na hilo sio kosa kama namba waliyoandika ni ya ukweli. Rangi ya ganda isikupe imani, ganda ni plastiki inayouzwa kwa rola. Angalia vitu vingine: maandishi yaliyochapwa kwenye mwili yawe safi na yasifutike kwa kucha, upande wa chanya usiwe na alama za kuchomelewa zilizokwanguliwa kwa tupa, ganda lisiwe na mikunjo, na seli zote nne volti zake zikipimwa zifanane. Mpya toka kiwandani nyingi zinasoma 3.4 mpaka 3.6 na zinafanana mpaka unashangaa. Ukikuta moja ina 3.9, nyingine 3.2, nyingine 2.4, hizo zimetoka nyumba tofauti.

Bei nayo inaongea. Hizo nilizotaja hata nje huko kwa muuzaji wa maana inaanzia kama dola 3 mpaka 6 kwa seli moja kabla ya usafiri. Elfu tatu dukani Morogoro na faida ya mwenye duka imo ndani? Hesabu hiyo haijumlishiki.

Kuna za mtumba pia, zinazotolewa kwenye betri za laptop, Kariakoo zipo na Nairobi pale Luthuli zipo, na mimi sizipingi kabisa kabisa. Betri ya laptop mara nyingi inakufa kwa sababu ya seli mbili wakati nne zilizobaki bado zina uhai. Ila zinataka mtu mwenye subira na vifaa. Iliyokutwa chini ya 2V itupwe hata kama inakubali chaji, maana ikishalala hivyo muda mrefu shaba ya ndani inayeyuka na ukiichaji inaweza kujipiga shoti yenyewe. Zilizobaki zinachajiwa mpaka 4.2 zinaachwa wiki, iliyoshuka mpaka 4.0 inatupwa, iliyopata joto la kuungua mkono wakati wa kuchaji inatupwa, halafu ndo zinapimwa mAh kwa chaja inayopima kama ile LiitoKala Lii-500 na kupangwa zinazofanana pamoja. Fundi akikwambia zake amepima mwambie akuonyeshe namba kwenye kioo cha chaja, asikuonyeshe karatasi.

Halafu kuna mtego mmoja wa huku kwetu ambao sioni watu wakiusema. Taa nyingi za sola zikifa, watu wanatoa seli iliyomo wanaiuza, na kwa macho ni 18650 ile ile. Nyingi ya hizo ni lithiamu ya aina nyingine, ya chuma na fosfeti, volti yake ni 3.2 na ikijaa inaishia 3.6 hivi. Ni seli nzuri sana na zinadumu kuliko hizi zetu, ila ukizifunga kwenye kipakti chako chaja ya 8.4V itazisukuma mpaka 4.2 kila moja, na hapo unaziharibu au unazipasua, na hata zikivumilia ujazo wake ni mdogo, 1100 mpaka 1800. Soma ganda: ikiandikwa 3.2V au LiFePO4 hiyo sio ya taa yako. Kama ganda limebanduliwa na muuzaji hajui, usinunue.

Kubadilisha sasa. Zinabadilishwa zote kwa pamoja, hakuna kuchanganya mpya na zilizobaki za zamani eti hizi mbili bado nzima, maana zile chovu zitajaa mapema na kuisha mapema, na hivi vibodi vya bei ndogo vingi havina uwezo wa kuzisawazisha. Kabla fundi hajaunga zile za paraleli apime, tofauti isizidi hata 0.05V, vinginevyo moja inaimwagia mwenzake ampia kwa ghafla. Na aunge kwa mashine ya kuchomelea vibati vya nikeli, ile inayopiga doti, asikuwekee pasi ya kulehemu moja kwa moja kwenye seli ikakaa pale inachemsha sekunde kumi mpaka risasi ishike, joto lile linaingia ndani na kuharibu upande wa hasi hasa. Mafundi wanaounga betri za sola na pikipiki za umeme wanazo hizo mashine, fundi simu wengi hawana. Na kale kabodi ka ulinzi aweke kapya, kale kako kamekula 12V muda wote huo, mi nisingekaamini.

Ukikosa fundi mwenye mashine, kuna vile vibox vitupu vya seli nne vyenye spring na bodi ndani, vinatoa pini ile ile ya duara, unapachika seli mwenyewe na unaweza kuzitoa. Ni vizuri kwa kubadilisha ila vina kero moja, kwenye rasta na barabara ya vumbi spring zinaruka na taa inapepesa au inazima kabisa ukiwa kwenye giza, kwahiyo weka kipande cha sponji kwenye mfuniko kikandamize. Alafu angalia urefu. Seli zenye kabodi kake ka ulinzi ndani ya ganda zinafika milimita 69 au 70, hazitaingia kwenye vibox vingi vilivyokatwa kwa 65. Kama box lina bodi yake chukua seli isiyo na ulinzi, bapa juu, yani isiyo na kichwa kilichotokeza. Kama ni ile tochi ya seli moja isiyo na ulinzi wowote ndo unachukua zenye ulinzi.

Shemeji wa Muscat. Hapo ndo penye matumaini, na kwa kuwa anakuja mwenyewe mwagize. Kwa mizigo ya posta ni shida kidogo, tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zikiwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama kago kwenye ndege za abiria, ndo maana ukiagiza seli tupu toka China unaambiwa subiri meli au ndege ya mizigo na wauzaji wengine wanakataa kabisa. Lakini abiria anaweza kubeba za matumizi yake, sharti ziwe kwenye begi la mkononi na sio kwenye begi analolikabidhi kaunta, na kila seli iwe kwenye kikasha chake cha plastiki au ncha zimezibwa na solatepu zisigusane. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na seli yako moja ni wati-saa 12, kipakti kizima hata cha 6800 ni 49, kwahiyo yuko salama. Akiuliza shirika lake kabla sio vibaya.

Ila asikuletee seli tupu kama anaweza kupata kipakti kizima cha 8.4V cha kampuni inayotengeneza taa za baiskeli kweli, pamoja na chaja yake. Hiyo ndo njia ya mkato: seli zimeshalinganishwa, bodi imo, mfuko umo, huna habari ya fundi. Mtumie picha ya pini yako karibu karibu kwa sababu kampuni nyingine zina pini yake ya kujifunga kwa kuzungusha ambayo haiingii kwako. Akikosa hicho ndo achukue 35E au MJ1 mbili au nne, bapa juu, zisizo na ulinzi.

Ikishafika ijaribu kabla hujaiamini barabarani. Ijaze, washa mwanga mkubwa, na uiweke mbele ya feni, hizi taa zimezoea upepo wa safari na ukiziacha mezani zinachemka mpaka zinaungua. Angalia saa. Ya seli nne za 3400 ikizima kabla ya masaa matatu umepigwa. Baada ya hapo matunzo sio mengi: usichajie juu ya godoro wala ukiwa umelala, weka sakafuni kwenye simenti, usiiache kwenye kibanda cha bati mchana kutwa maana joto linaila betri kuliko matumizi, na kama hutaitumia mwezi iache nusu chaji. Kipakti kizungushie kipande cha tyubu kuukuu kwa ajili ya mvua. Kile cha zamani ziba waya wake kwa tepu, kisitupwe kwenye jalala linalochomwa moto, mpelekee fundi wa sola huwa wanajua pa kuvipeleka.

Na kabla hujachomeka kipakti kipya kwenye taa kwa mara ya kwanza, pima pini kwa mita, waya mwekundu wa mita katikati ya pini na mweusi kwenye bati la nje. Isome kama 6.8 mpaka 8.4 bila alama ya kutoa mbele. Ukiona alama ya kutoa, waya zimegeuzwa, na hizi taa za T6 nyingi hazina kinga ya hilo, zinaungua hapo hapo, usifuate rangi ya waya kwa sababu kuna wanaounga nyeusi ikiwa chanya.